JOHN KEMENY, MTU ALIYEWAFUNGULIA WANAFUNZI WOTE MLANGO WA ORDINATERE



Safari hii, katika ukurasa wetu wa maisha ya watu mashuhuri, hatuleti mfalme wala askari wala msafiri. Tunaleta mwalimu wa hesabu. Sababu ni hii: wengi wetu wanauliza namna gani mtu anaweza kujifunza lugha ya ordinatere, ile mashini ambayo wengine wanaiita kompyuta, hapa kwetu Mubi, mahali ambapo umeme ni wa paneli za jua na jenereta, na ordinatere zenyewe unaweza kuzihesabu kwa vidole. Wengine wanakata tamaa mapema, wanasema ati hiyo ni kazi ya watu wa Goma na Kinshasa, au ya Wazungu, au ya wale wenye akili nyingi za hesabu tu. Basi, tumetafuta habari za mtu aliyekataa maneno ya namna hiyo, na ambaye pamoja na mwenzake alitengeneza lugha ya ordinatere kwa ajili ya watu wanaoanza. Jina lake ni John Kemeny.

MTOTO MKIMBIZI

John Kemeny alizaliwa siku ya 31 Mei 1926 katika mji wa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, huko Ulaya. Jamaa yake walikuwa Wayahudi. Alikuwa mtoto wa kupenda vitabu na hesabu, na pengine angekua hukohuko na kuzeeka hukohuko, kama si mambo ya siasa yaliyoharibika. Miaka ile Hitler alikuwa akitawala Ujerumani, na chuki juu ya Wayahudi ilikuwa ikienea katika nchi za jirani kama moto wa kiangazi. Mwaka 1938 baba yake aliona mbali. Alitangulia peke yake kwenda Marekani, akatafuta kazi na makao, na mwaka 1940 akawaleta mke wake na watoto.

Lakini si wote waliokubali kuondoka. Babu yake John alikataa, akabaki. Pia shangazi yake na mjomba wake walibaki. Wote walikufa katika maangamizi ya Wayahudi. Sisi wa Walikale na Masisi hatuna haja ya kuelezwa sana jambo hilo. Wengi kati yetu wanajua maana ya kufunga mizigo usiku, na wanajua maana ya mzee kusema kwamba yeye hatoki, atafia kwake.

Kijana John alifika New York akiwa na miaka karibu 14. Kiingereza chake kilikuwa kidogo kabisa. Mfikirie mwanafunzi anayeingia kalasi ambamo mwalimu anafundisha, wenzake wanacheka, na yeye anashika neno moja katika kumi. Hata hivyo, alipomaliza masomo ya sekondari mwaka 1943, miaka mitatu tu baadaye, alikuwa wa kwanza katika shule yake. Hesabu ndiyo iliyomshika mkono, maana namba hazibadiliki mtu akivuka mpaka. Lakini lugha pia aliifanyia kazi, na baadaye alikuja kuwa mwalimu wa kusifiwa katika lugha hiyohiyo aliyoikuta ukubwani.

HESABU ZA VITA

Kemeny aliingia chuo kikuu cha Princeton kusoma hesabu na falsafa. Lakini vita vya pili vya dunia vilikuwa bado vinaendelea, na mwaka 1945 alichukuliwa jeshini. Hakupewa bunduki. Alipelekwa Los Alamos, mahali pa siri milimani, ambapo wataalamu walikuwa wakitengeneza bomu la atomiki. Kazi yake ilikuwa kuhesabu, chini ya mtaalamu kijana aliyeitwa Richard Feynman.

Hapo habari hii inapita katika nchi yetu. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa katika kazi ile ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga, ambako watu wetu waliichimba chini ya Wabelgiji bila kuambiwa ni ya nini. Mwezi wa Agosti 1945 mabomu mawili yaliangushwa Japani, juu ya Hiroshima na Nagasaki. Watu wengi mno walikufa. Jiwe lilitoka kwetu, hesabu ilifanywa kule, na sisi tulikuwa wa mwisho kujua. Tunaomba msomaji aweke jambo hili moyoni, sababu tutalirudia.

Mashini za Los Alamos hazikuwa bado ordinatere. Zilikuwa mashini za biashara, zenye kusoma karatasi ngumu zilizotobolewa matundu. Watu walizitumikia zamu kwa zamu, mchana na usiku, na hesabu moja tu iliweza kuchukua wiki mbili au tatu. Miaka mingi baadaye Kemeny alipenda kueleza kwamba kazi waliyoifanya pale mwaka mzima, mwanafunzi mmoja angeweza kuimaliza kwa mchana mmoja, na wenzake wengi wakitumia mashini ileile kwa wakati uleule. Huko Los Alamos pia alimsikia mtaalamu John von Neumann, mzaliwa wa Budapest kama yeye, akieleza mashini mpya itakayokuja: mashini ya umeme itakayohifadhi maagizo ndani yake yenyewe. Siku zile ilionekana kama ndoto.

Baada ya vita Kemeny alirudi Princeton. Alipokuwa bado anatafuta diploma yake ya udaktari, alichaguliwa kuwa msaidizi wa Albert Einstein katika kazi za hesabu. Mwaka 1949 akapata udaktari wake, akiwa na miaka 23. Mwaka uliofuata alimwoa Jean Alexander, nao wakapata watoto wawili.

TRENI NA SANDUKU LA KARATASI

Mwaka 1953 chuo cha Dartmouth kilimwita. Dartmouth iko katika mji mdogo wa Hanover, katika jimbo la New Hampshire, mbali na miji mikubwa. Miaka miwili baadaye akawa mkubwa wa walimu wa hesabu, na mwaka 1956 akamleta mwalimu mwingine, Thomas Kurtz. Hawa wawili walifanya kazi pamoja karibu maisha yao yote, kama mtu na pacha wake.

Dartmouth siku zile haikuwa na ordinatere. Kurtz alikuwa akipanda treni mpaka karibu na Boston, safari ya kilometa zaidi ya 200, na sanduku lenye karatasi za matundu mkononi. Huko kulikuwa na ordinatere kubwa. Anatoa karatasi zake, mashini inazisoma, anapewa majibu, anarudi. Akiwa amekosea alama moja tu, safari yote ni bure. Itabidi asahihishe na kungoja safari nyingine, pengine wiki mbili. Wale kati yetu waliokwisha kwenda Goma kwa ajili ya karatasi moja ya ofisi, wakaambiwa muhuri mmoja haupo, watamwelewa Kurtz bila shida.

Na hata penye mashini, mambo yalikuwa hivyohivyo. Mtu hakuigusa. Aliacha karatasi zake dirishani kwa wahudumu, akarudi kesho kuuliza. Lugha za mashini zilikuwa ngumu, za kutumiwa na wataalamu. Kemeny na Kurtz waliona kasoro mbili. Kwanza, wanafunzi wengi wa Dartmouth hawakusoma hesabu wala fizikia. Walisoma historia, lugha, mambo ya uchumi na mengineyo. Lakini ndio watakaokuwa wakubwa wa nchi kesho, nao watatoa amri juu ya mashini wasizozijua. Pili, mtu hawezi kujifunza kitu ambacho hakigusi. Kwa hiyo walikata shauri: kila mwanafunzi, wa masomo yoyote, ataruhusiwa kutumia ordinatere bila malipo na bila kuomba ruhusa, kama vile anavyoingia maktaba na kutwaa kitabu.

USIKU WA KUAMKIA MEI MOSI

Kwa kutimiza jambo hilo walihitaji vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa namna ya kuigawanya mashini moja kwa watu wengi. Ordinatere inafanya kazi upesi sana kuliko mtu anavyofikiri na kupiga herufi. Basi, impe kila mtu nukta kidogo ya wakati wake, kisha ipite kwa mwingine, kisha mwingine, na kurudi kwa wa kwanza. Kila mmoja ataona kana kwamba mashini ni yake peke yake. Ni kama mama anayegawa ugali kwa watoto kumi, tonge kwa tonge, kwa mkono mwepesi hata hakuna anayelia.

Kitu cha pili kilikuwa lugha. Waliipa jina BASIC, jina lililofanywa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya mpango wa maagizo kwa wanaoanza, wenye kufaa kwa kazi zote. Kemeny mwenyewe aliandika programu ya kutafsiri lugha hiyo katika namba za mashini, akianza mwaka 1963. Kazi kubwa ya kugawanya wakati waliachiwa wanafunzi wa chuo, vijana wa rika la kaka zetu. Walimu wengi wangeogopa kuwapa vijana kazi kama ile, Kemeny hakuogopa.

Mashini ilifika mapema mwaka 1964. Na siku ya 1 Mei 1964, saa kumi za usiku, Kemeny na mwanafunzi mmoja walikaa kila mtu mbele ya mashini yake ya kupigia herufi, wakaamuru programu zao zianze kwa wakati mmoja. Wote wawili wakapata majibu ya kweli. Hakukuwa na kioo cha kuangalia kama siku hizi, majibu yaliandikwa juu ya karatasi. Lakini kazi imekwisha fanyika, na mlango umefunguka.

LUGHA YENYEWE NI YA NAMNA GANI?

Hapa tunawaomba wasomaji watwae kaye na kalamu. BASIC ya kwanza ilikuwa na maagizo karibu 15 tu. Kila mstari una namba yake, na mashini inafuata namba hizo kutoka ndogo kwenda kubwa. Tuseme tunataka wastani wa pointi za mwanafunzi katika masomo matano. Tutaandika hivi:

10 LET J = 0
20 FOR K = 1 TO 5
30 READ A
40 LET J = J + A
50 NEXT K
60 PRINT J/5
70 DATA 12, 9, 15, 11, 13
80 END

Tueleze polepole. LET ni kuweka. Fikiri sanduku lenye jina J, na mstari wa 10 unaweka ndani yake sifuri. FOR na NEXT vinakwenda pamoja: FOR inasema kwamba kazi iliyo katikati itafanywa mara tano, na NEXT inairudisha mashini juu mpaka mara tano zitimie. READ ni kusoma namba moja kutoka katika orodha ya DATA na kuiweka katika sanduku A. Mstari wa 40 ndio unaowashinda watu wa hesabu za ubaoni, sababu J haiwezi kuwa sawa na J na kitu kingine juu yake. Lakini hapa alama ile si ya usawa. Inasema: twaa kilichomo katika J, ongeza A, kisha rudisha jumla ndani ya J. PRINT ni kuandika jibu, na END ni mwisho.

Sisi tulijaribu jambo hili bila mashini yoyote, chini ya mti, saa ya mapumziko. Kila mwanafunzi alikuwa mstari mmoja. Mmoja alishika sanduku la J, mwingine la A, na vipande vya karatasi vikawa namba. Tulikwenda mstari kwa mstari, na katika J tuliona 12, kisha 21, kisha 36, kisha 47, mwisho 60. Sitini kugawanya kwa tano ni 12. Tulifurahi sana.

Kisha mmoja wetu akasema afadhali ule mstari wa kuweka sifuri tuuweke ndani, baada ya FOR, upate namba 25. Tulifikiri haina neno. Tukafanya, tukapata 2,6. Tulicheka, kisha tukabishana, hata wengine wakaanza kumlaumu mwenye sanduku. Mwishoni tukaona kosa: kila mara tulipozunguka, tulikuwa tunamwaga sanduku na kuanza upya, kwa hiyo mwishoni ilibaki namba ya mwisho tu, 13. Kumi na tatu kugawanya kwa tano ni 2,6. Mwenye sanduku hakukosa hata kidogo. Alifanya kama alivyoandikiwa. Pale tulijifunza jambo kubwa kuliko maagizo yote: mashini haifuati yaliyo moyoni mwako, inafuata yaliyo katika karatasi yako. Mwenye kukosea asiwe mwepesi kushitaki chombo, asome kwanza alichokiandika.

MATUNDA YA KAZI

Upesi wanafunzi walio wengi wa Dartmouth wakajua kuandika programu. Hata shule za sekondari za jirani ziliunganishwa na ordinatere ile kwa waya wa simu, na watoto wa umri wetu wakaitumia. Kemeny na Kurtz hawakuifungia BASIC ili watu wailipie. Waliiacha itumiwe bure, na ikatembea duniani. Mwaka 1975 vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, waliandika BASIC yao kwa ordinatere ndogo ya Altair, na kwa kazi hiyo wakaanza kampuni ya Microsoft. Katika miaka ya 1980 mamilioni ya watu walikuta BASIC ndani ya mashini ndogo za nyumbani. Wengine walitajirika sana kwa lugha hiyo, lakini wenyewe walioizaa waliendelea kuwa walimu.

Hatutaki kuficha kwamba lugha hiyo ililaumiwa pia. Wataalamu wengine walisema inamzoeza mwanafunzi kuandika ovyo, hasa kwa agizo la GOTO, ambalo linairusha mashini popote katika programu, mpaka mwenyewe hajui njia aliyopita. Kemeny na Kurtz nao hawakupenda namna nyingi zilizotengenezwa na watu wengine. Mwaka 1983 walianzisha kampuni yao ndogo, wakatoa BASIC iliyosafishwa, lakini haikuenea kama ile ya zamani. Leo wanaoanza wanafundishwa zaidi lugha nyingine, kama Python, iliyotolewa mwaka 1991. Hata hivyo, sanduku, orodha, kuzunguka, kusoma na kuandika jibu, yote yamo mle vilevile. Aliyeelewa mistari ile minane hatakuwa mgeni.

MKUBWA WA CHUO

Mwaka 1970 Kemeny alifanywa mkubwa wa chuo chote cha Dartmouth, kazi aliyoishika mpaka 1981. Hakuacha kufundisha hata kidogo, kila mwaka aliendelea kuingia kalasi. Mpaka wakati ule chuo kilipokea wavulana tu. Wengi wa waliokwisha kusoma hapo hawakutaka kigeuzwe, lakini Kemeny alisimama imara, na mwaka 1972 wasichana wakaingia kama wanafunzi sawa na wavulana. Pia alikikumbusha chuo ahadi yake ya zamani. Kilianzishwa mwaka 1769, kikisema kitafundisha Wahindi wekundu, wenyeji wa nchi, kisha kikawasahau miaka mingi. Yeye akaanza kuwaita na kuwapokea. Yule aliyefungua mlango wa ordinatere hakukubali kufunga mlango wa shule.

Mwaka 1979 kiwanda cha umeme wa atomiki cha Three Mile Island, katika jimbo la Pennsylvania, kilipata ajali, na watu wakaingiwa na hofu kubwa. Rais Jimmy Carter alimchagua Kemeny aongoze tume ya kuchunguza. Tume haikuogopa wakubwa. Iliilaumu kampuni na iliilaumu vilevile ofisi ya serikali iliyopaswa kuisimamia, ikaonyesha kwamba ubaya mkubwa ulikuwa katika watu na desturi zao kuliko katika vyombo. Ni kama sanduku letu la J.

John Kemeny alikufa kwa ugonjwa wa moyo siku ya 26 Desemba 1992, akiwa na miaka 66. Mwenzake Kurtz aliishi mpaka mwaka 2024.

NA SISI JE?

Sasa turudi kwenye lile jambo la Shinkolobwe. Hapa Walikale tunajua kasiterite. Tulikuwa tukiona mifuko ikishuka migongoni mwa watu kutoka Bisie, na magari na ndege zikiichukua. Kutoka katika jiwe hilo inapatikana bati, na bati ndiyo inayounganisha vipande vidogo ndani ya simu na ordinatere. Maana yake, karibu hakuna ordinatere duniani isiyo na bati ndani yake, na sehemu ya bati hiyo imetoka katika udongo wetu. Zamani jiwe lilitoka na hesabu ikabaki kwa wengine. Je, itaendelea hivyo? Sisi tunaona kwamba jibu moja liko katika kaye zetu. Mtoto anayejua kuandika maagizo hataitumikia mashini kwa mgongo tu.

Hatuna ordinatere za kutosha, ni kweli. Lakini Kurtz alikuwa na sanduku la karatasi na treni, na sisi tuna vipande vya karatasi na mti. Penye nia pana njia. Anayetaka kujaribu, atengeneze programu ya kutafuta pointi iliyo kubwa kuliko zote katika ile orodha yetu. Tunamsaidia kidogo: kuna agizo IF … THEN, lenye kusema kwamba jambo likiwa hivi, nenda mstari fulani. Watakaopata jibu watuletee karatasi zao, wasichana na wavulana, hata wa kalasi za chini. Na anayepata jibu baya asione haya. Alete hivyohivyo, tutalitembeza pamoja mstari kwa mstari mpaka tulione kosa.